Weka Hiyo Pasi Chini

Nimetumiwa tena picha ya bango la filamu la Kimarekani la miaka ya hamsini, na swali ni lile lile: "Kaka, lina alama za kukunjwa, nilipige pasi?" Usilipige pasi. Usilipeleke laminesheni pia. Na kama muuzaji kakupunguzia bei kwa sababu ya mikunjo hiyo, nyamaza, lipa, ondoka.

Mabango ya kawaida ya inchi 27 kwa 41 yalikunjwa kabla hata hayajafika kwenye jumba la sinema. Kuanzia 1940, usambazaji wake Marekani ulishikwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya National Screen Service, na hawa waliyatuma yakiwa yamekunjwa, kwa kawaida mistari mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama. Hali ikawa hiyo hadi miaka ya themanini. Jumba lilikodi bango, likalitumia, likalirudisha, likaenda jumba jingine. Matundu ya pini kwenye pembe yametoka huko. Ukiniletea bango la 1954 lililonyooka kama shuka jipya, hapo ndipo ninapovaa miwani.

Sasa msije mkalishika hilo mkaanza kunipiga nalo. Zipo nakala halali zilizobaki zimeviringishwa: za wachapaji, za studio zenyewe, na kadiri unavyokaribia miaka ya themanini ndivyo zinavyozidi kuwa nyingi. Halafu yapo yale mabango marefu ya kutundika, inchi 24 kwa 82, ambayo ndiyo ugonjwa wangu mimi. Hayo yalichapwa kwa skrini, yaani rangi husukumwa kupitia kitambaa chenye vitundu, kwenye karatasi nzito, na karatasi nzito haipendi kukunjwa. Mengi yalisafiri yakiwa yameviringishwa. Mtu akikwambia bango refu la namna hiyo ni feki kwa kuwa halina mikunjo, amesikia nusu ya somo akaondoka.

Kwa hayo marefu, chukua kioo cha kukuzia. Rangi ya skrini hukaa juu ya karatasi, nene, imejaa, na ukingo wa herufi ni safi. Anayetengeneza nakala leo huanza kwa kulipiga picha bango la asili, kisha mashine huivunja ile picha kuwa vitone. Kwa hiyo usiangalie uso wa mwigizaji, maana hata kwenye bango halali la ofseti, ule uchapaji wa kawaida wa mashine, uso una vitone. Angalia jina la filamu, pale palipostahili kuwa na wekundu mtupu. Ukikuta vitone ndani ya herufi, mrudishie mwenyewe.

Namba ya bango, ile ya National Screen Service, nitaipitia haraka. Chini kulia utaona kitu kama 54/370: mwaka, kisha namba ya filamu. Ikitanguliwa na R, filamu ilikuwa inarudishwa sokoni, na bei ishuke. Kukosa namba hakuthibitishi lolote, maana si kila kampuni ilijiunga na mfumo huo siku moja, na nakala za studio mara nyingi hazikuwa nayo.

Kuna tochi ya urujuanimno, ile ile ya kukagulia noti bandia. Karatasi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haikutiwa dawa za kung'arisha weupe, hivyo haimeremeti buluu. Wengi huishia hapo wakajiona mabingwa. Lakini mwaka 2009 wakusanyaji waligundua mabango bandia ya filamu za kutisha za studio ya Universal, yamechapwa kwenye karatasi kuukuu na kufunikwa kwa kazi ya ukarabati. Tochi ingesema nini hapo? Karatasi ni ya zamani kweli!

Ndiyo maana suala la kubandika bango kwenye kanvasi kwa gundi ya unga wa ngano linanigawa. Kazi ikifanywa na fundi mzuri inaweza kubanduliwa, na mikunjo inatulia. Ila mgongo wa bango unazikwa, pamoja na mihuri yake na rangi halisi ya karatasi. Kwa bango lililochanika nakubali. Kwa bango zima lenye mikunjo tu, ninasitasita, na wenzangu wanaolipwa kwa kazi hiyo hawapendi nikisema hivyo.

Mabango ya kitambaa, yale ya kuning'inizwa mbele ya jumba, yananishinda zaidi. Mengi hayana namba wala mwaka, na filamu moja iliweza kurudishwa sokoni mara kadhaa. Nikikuandikia "miaka ya arobaini", mara nyingine ninapima kwa mtindo wa herufi tu. Usiende kunadi kwa neno langu.

Kuhusu hilo lako lenye mikunjo: likunjue mara moja, lilaze ndani ya mfuko wa Mylar, ile plastiki angavu, basi. Kila ukilikunja na kulikunjua, pale mistari inapokutana panazidi kulegea mpaka patoboke. Na pakitoboka, selotepu ikae mbali.