Kemikali zisizopatana: maana yake, na mahali pa kuzichunguza

Chukua madumu mawili. Moja lina sodiamu hipokloraiti, jiki ya kiwandani. Jingine lina asidi ya salfa, ile inayotiwa kwenye betri za magari. Yote mawili yana kibandiko kimoja cha Umoja wa Mataifa, daraja la 8: mkono na kipande cha chuma vikiliwa na matone. Mtunza stoo anayepanga mzigo kwa kufuata vibandiko atayaweka bega kwa bega, na kwa kusoma hatakuwa amekosea. Siku yakivujiana, itatoka gesi ya klorini.

Kemikali za namna hii ndizo huitwa zisizopatana. Kila moja ikikaa kwenye chombo chake imetulia, lakini zikikutana hutoa joto kali, moto, mlipuko au gesi ya sumu. Usizidhanie kuwa ni sawa na kemikali isiyotulia, ambayo haihitaji mwenzake ili ilete balaa: baadhi ya peroksaidi, kwa mfano, huvunjika zenyewe zikipata joto tu. Kibandiko cha dumu hueleza tabia ya kilichomo ndani ya dumu hilo. Kuhusu jirani yake hakisemi kitu.

Tarehe 21 Oktoba 2016, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas nchini Marekani, lori lilileta asidi ya salfa kwenye kiwanda kimoja. Midomo ya mabomba ya kupokelea kemikali ilikuwa karibu karibu na ilifanana, na ule wa hipokloraiti haukuwa umefungwa kufuli. Mpira wa lori ukaunganishwa huko. Lita zipatazo 15,000 za asidi zikaingia kwenye tangi la hipokloraiti, wingu la kijani na njano likapanda juu ya mji, na watu zaidi ya 140 wakatafuta matibabu. Hakuna siri yoyote ya kikemia hapo. Kwamba jozi hiyo hutoa klorini kilikuwa kitu kinachojulikana tangu zamani. Swali ni kwamba mtu asiye mkemia angeyajulia wapi?

Wengi huanzia kwenye MSDS, karatasi ya usalama inayotolewa na muuzaji. Kwa mfumo wa sasa ina sehemu 16, na sehemu ya 10 ndiyo ya uthabiti na utendaji, yaani jinsi kemikali inavyofanya ikikutana na nyingine. Humo mna kipengele cha vitu vya kuepuka. Sehemu ya 7 huongezea habari za uhifadhi. Anzia hapo, ila usiishie hapo. Waandishi wengi wa karatasi hizi hunakili sentensi ileile, "epuka vioksidishaji vikali na asidi kali", hata kwenye karatasi ya chumvi ya mezani. Onyo linalotolewa kwa kila kitu halimsaidii anayetaka kujua dumu lipi litengwe na lipi.

Alama ya almasi ya rangi nne inayobandikwa kwenye matangi na milango ndiyo hudanganya zaidi, kwa sababu watu huidhania makubwa. Pembe ya njano, yenye namba kuanzia 0 hadi 4, hupima kutotulia kwa kemikali yenyewe. Sifuri ya njano haimaanishi kwamba unaweza kuichanganya na chochote. Pembe nyeupe inasaidia kidogo: herufi W iliyokatwa kwa mstari huonya kuhusu maji, na OX humaanisha kioksidishaji, yaani kitu kinachochochea moto.

Anayetaka habari za jozi hasa ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni CAMEO Chemicals, programu ya bure ya mashirika ya serikali ya Marekani, NOAA na EPA. Unachagua kemikali zako, nayo inaziweka katika makundi ya utendaji, kisha inakutolea jedwali la kila jozi na kinachotarajiwa: joto, gesi, moto. Inakisia kutokana na makundi, kwa hiyo haijui asidi yako ina ukali gani wala stoo yako ina joto kiasi gani. Ya pili ni kitabu kinene cha Bretherick, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1975 na kuongezwa mara nyingi tangu hapo. Hiki hakikisii, hukusanya matukio na majaribio yaliyoandikwa, kimepangwa kwa fomula, na kinasomeka kama daftari la ajali za maabara. Udhaifu wake umo mumo humo: jozi isiyotajwa inaweza kuwa haijamlipukia mtu aliyejua kuandika.

Kabla ya kufungua lolote kati ya hayo, pata jina sahihi. Kwetu "klorini" ni kila kitu. Poda nyeupe inayouzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea inaweza kuwa kalisi hipokloraiti, au asidi ya trikloroisosayanuriki. Zote mbili huua vijidudu, zote hunuka vilevile, zote zina kibandiko cha vioksidishaji cha daraja la 5.1. Kopo lenye masalia ya moja likitumika kuchotea nyingine, hasa likiwa na unyevu, linaweza kuzua moto au mlipuko. Ndiyo maana tafuta namba ya CAS, namba ya utambulisho ambayo kila kemikali ina yake, na ambayo imo katika sehemu ya 3 ya MSDS: ya kwanza ni 7778-54-3, ya pili ni 87-90-1. Namba hiyo haibadiliki kwa lugha wala kwa jina la biashara.

Ukishapata majibu, yaandike kwenye jedwali moja, kemikali zote za stoo zikiwa mistari na safu, ulibandike mlangoni. Maji nayo yape mstari wao, maana watu huyasahau kwa kuwa si kemikali machoni pao. Usiku wa kuamkia 3 Desemba 1984 mjini Bhopal, India, gesi ya sumu ilipovuja kiwandani na kuua maelfu ya watu, kilichoingia kwenye tangi la methili isosayaneti kilikuwa maji.