Ufafanuzi: Fizikia ya kwanta haisemi kwamba ukiwaza pesa zitakuja

Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma, ya vikoba hadi ya familia, kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: eti sayansi ya kwanta (ya vitu vidogo mno kama atomu) imethibitisha kuwa kitu hakipo mpaka ukitazame, hivyo ukiwaza utajiri kwa nguvu, utaupata. Si kweli.

Ni sahihi kwamba huwezi kutabiri elektroni moja (chembe ndogo iliyomo ndani ya atomu) itaangukia wapi. Kinachojulikana ni uwezekano tu. Lakini rusha maelfu yake kupitia matundu mawili membamba, na mistari ileile hujitokeza kwenye skrini iliyo nyuma yake, apende asipende mpimaji. Ukiweka kifaa cha kubaini kila moja imepita tundu lipi, mistari inapotea, hata chumba kikiwa hakina mtu. Kinachoifuta ni elektroni kuingiliana na kifaa, si macho wala nia. Wanaosambaza ujumbe hukiacha kifaa nje ya simulizi, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Kwa vitu vikubwa, wastani wa uwezekano huo hufuata kanuni za mwendo tulizosoma sekondari. Kila kitu kinachotembea kina wimbi, na likiwa fupi mno tabia za kikwanta hazionekani. Hakiki urefu wake mwenyewe: gawanya 6.626 × 10⁻³⁴ (namba ya Planck) kwa masi mara kasi. Mtu wa kilo 60 anayetembea Ujiji mita 1 kwa sekunde ana wimbi lenye urefu wa mita 10⁻³⁵ hivi. Hata kiini cha atomu, kama mita 10⁻¹⁵, ni kikubwa mno kuliko wimbi hilo!

Dua na matumaini ni yako, sina ugomvi navyo. Ila ujumbe huo ukikufikia usiusambaze, hasa ule unaoishia na namba ya kulipia “semina”.