Je, wajua kwa nini ruzuku ndogo huweza kuwakutanisha majirani ambao shida kubwa haikuwakutanisha?

Chukua mtaa wowote wenye kiwanja kilichogeuka jalala. Kila anayepita anaziba pua, kila mmoja ana wazo la nini kingejengwa pale, na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Miaka inakatika. Siku moja linatoka tangazo: kuna ruzuku ya kuboresha mitaa, fedha zenyewe si nyingi, na maombi yanafungwa baada ya wiki chache. Watu waliokuwa wakipungiana mikono kwa mbali sasa wanakaa kitako kujadili nani ataandika andiko la mradi, nani atatunza fedha na nani ana toroli la kuazima. Uvundo wa miaka yote hiyo haukuwakutanisha. Kwa nini hela kidogo imeweza?

Jibu la haraka ni kwamba fedha hununua vifaa. Ni kweli, ila halitoshi, maana mara nyingi kiasi kinachotolewa ni kile ambacho mtaa mzima ungeweza kuchanga wenyewe. Kilichokosekana hakikuwa hela peke yake.

Mwaka 1965 mchumi wa Marekani, Mancur Olson, alieleza kwa nini kundi la watu wenye shida moja linaweza kukaa bila kufanya lolote. Kiwanja kikisafishwa, hewa safi itamfikia hata yule ambaye hakushika koleo. Basi mwenye kupiga hesabu zake anatega. Wakitega wote, jalala linabaki pale pale, na hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa mjinga, kwa sababu kila mtu peke yake kapiga hesabu sawasawa.

Mtaalamu wa sayansi ya siasa, Mmarekani pia, Elinor Ostrom, alilitazama jambo hilo hilo kwa macho mengine. Alichunguza watu wanaotumia kwa pamoja misitu, maeneo ya uvuvi na mifereji ya umwagiliaji sehemu mbalimbali za dunia, akaonyesha kwamba wengi huvitunza vizuri bila kuamriwa na serikali na bila kuvigawa kuwa mali ya mtu binafsi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Alichokikuta kwa watu hao ni kanuni: nani ni mwanachama na nani siye, nani anachukua kiasi gani, nani anakagua, na anayekiuka anaadhibiwa vipi, kidogo kwanza na zaidi akirudia.

Hapo ndipo ruzuku inapoingia. Kijiji cha wavuvi kilikuwa na vizazi kadhaa vya kutengeneza kanuni zake. Mtaa wa wapangaji wanaohamahama hauna. Ruzuku huja na kanuni zikiwa tayari mfukoni, na kwa maoni yangu nusu ya kazi yake ya kuunganisha watu imejificha kwenye masharti hayo ambayo kila mtu huyalalamikia. Kikundi kiwe na katiba, hata ya kurasa mbili. Akaunti ya benki iwe na waweka saini zaidi ya mmoja. Kila kikao kiwe na muhtasari, kila ununuzi uwe na risiti. Mengine katika makaratasi hayo ni usumbufu mtupu, hasa pale fedha za kununua miche zinapodai fomu ndefu kama za kujenga daraja. Lakini tazama sharti la saini mbili linavyofanya kazi: watu wawili ambao pengine hawapatani wanalazimika kutafutana kila hundi inapoandikwa. Tarehe ya mwisho nayo inaua ugonjwa wa “tutakaa tuzungumze”. Na andiko la mradi linawabana watu wakubaliane juu ya kitu kimoja, kwa maandishi, kabla senti haijatoka. Wapo waliokuja wakitaka bustani na wapo waliokuja wakitaka uwanja wa watoto, na wote wanajua kwamba wasipoelewana, hakuna atakayepata.

Sharti lenye nguvu kuliko yote, kwa ninavyoona, ni lile la mchango wa jamii. Jiji la Seattle nchini Marekani lilianzisha mwaka 1988 mfuko wa kuchangia miradi ya mitaa. Kanuni yake ya awali ilikuwa nyepesi: jiji linatoa fedha, na wakazi wanatoa kitu cha thamani inayolingana. Si lazima kiwe fedha taslimu. Saa za kujitolea zinahesabiwa kwa kima kilichowekwa, vifaa vilivyotolewa bure vinahesabiwa, hata utaalamu wa fundi au mhasibu anayeishi jirani unahesabiwa. Maana yake ni kwamba asiye na hela anaweza kuchangia sawa na mwenye nazo, kwa kuja Jumamosi na kuchimba. Na ili kufikisha kiasi kinachotakiwa, waandaaji hawana budi kugonga milango ambayo wasingeigonga kamwe. Anayetega hapa anaonekana, kwa kuwa kuna karatasi ya mahudhurio.

Moja ya matunda ya mfuko huo ni zimwi. Katika mtaa wa Fremont, chini ya daraja, palikuwa pahali pa kutupa takataka. Badala ya kuweka uzio, wakazi waliandaa shindano la sanaa, watu wakaangalia vielelezo na kupiga kura, na mwaka 1990 likasimama zimwi la zege lenye urefu wa zaidi ya mita 5, mkononi likiwa limekamata gari la kweli, Volkswagen Beetle. Hakuna ofisa wa mipango miji ambaye angelipendekeza kwenye ripoti yake. Leo watalii hupanda juu yake kupiga picha. Naona zimwi hili linasema jambo ambalo ripoti nyingi za maendeleo hulikosa: watu hujitokeza kwa ajili ya kitu kinachowafurahisha upesi kuliko kwa ajili ya kitu ambacho wameambiwa kinawafaa.

Mtu anaweza kuuliza: kama mchango wa wakazi ndio wenye nguvu, ruzuku ya nini? Swali hilo aliliuliza Akhtar Hameed Khan mjini Karachi, Pakistan. Mwaka 1980 alianzisha mradi wa Orangi, makazi makubwa yaliyojengwa bila mpango na bila mabomba ya majitaka. Alikataa kutumia fedha za wafadhili kuwajengea watu mabomba. Fedha hizo zililipia upimaji, ramani, mafunzo na ushauri wa kiufundi. Gharama ya bomba la kila uchochoro wakazi wake walichanga wenyewe, wakasimamia ujenzi wenyewe, na kwa kumwondoa mkandarasi wa kati gharama ikashuka sana. Kilichonivutia zaidi ni kipimo alichokichagua. Hakuuita mtaa mzima. Aliuita uchochoro, nyumba 20 hadi 30, ambamo kila mtu anamjua kila mtu na aliyegoma kuchanga anakutana na macho ya jirani zake asubuhi. Uchochoro ulichagua msimamizi wake, ndipo wataalamu wakaja. Mabomba makubwa ya kupokea maji ya vichochoro vyote yaliachiwa serikali, kwa sababu hakuna uchochoro unaoweza kujenga hayo.

Kwa hiyo ruzuku inaweza kununua saruji, au kununua kile ambacho majirani hawana namna ya kukipata miongoni mwao: mchoro wa mhandisi, kibali, mtu wa kuwafundisha kuweka hesabu. Hii ya pili hupewa uzito mdogo, pengine kwa vile haipigiki picha.

Tugeukie mahali penyewe, kwani sehemu iliyoboreshwa nayo huwafanyia watu kitu. Mjini Philadelphia, Marekani, watafiti walichagua viwanja 541 vilivyotelekezwa na kuvigawa kwa bahati nasibu. Baadhi viliondolewa takataka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, kisha vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kupita. Vingine viliachwa kama vilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika mitaa ya watu maskini zaidi, matukio ya kupigwa watu risasi kuzunguka viwanja vilivyosafishwa yalipungua kwa asilimia 29. Wakazi wa karibu na viwanja hivyo pia walisema wanatumia maeneo ya nje kupumzika na kupiga soga kwa zaidi ya asilimia 75 kuliko kabla. Kumbuka ni nyasi na mbao, si kituo cha polisi.

Uhusiano huo wa soga na usalama unaeleweka ukisoma utafiti mwingine, wa Chicago, uliotolewa mwaka 1997 na Robert Sampson na wenzake. Waliwahoji watu 8,782 katika mitaa 343. Waliwauliza, kwa mfano, kama majirani wangeingilia kati wakiona watoto wametoroka shule na wanazurura kijiweni. Mitaa ambayo watu waliaminiana na kutarajia wenzao waingilie ilikuwa na ukatili mdogo, hata ilipolinganishwa na mitaa yenye umaskini wa kiwango kile kile. Mtu haingilii kati kwa watoto asiowajua wazazi wao. Anahitaji kwanza pahali pa kuwajua.

Mpaka hapa hadithi ni tamu mno, na wafadhili huipenda ikiishia hapa. Kuna utafiti wa Sierra Leone unaoipunguza utamu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 2002, mradi ulioitwa GoBifo uliwapa wanavijiji ruzuku pamoja na wawezeshaji wa kuwasaidia kupanga kwa pamoja, wakisisitiza wanawake na vijana wapate sauti. Katherine Casey, Rachel Glennerster na Edward Miguel walilinganisha vijiji 118 vilivyopata mradi na 118 ambavyo havikupata. Majengo na huduma viliongezeka kwenye vijiji vya mradi, hilo halina ubishi. Swali lilikuwa kama watu walijifunza kushirikiana. Badala ya kuwauliza tu, watafiti walikipa kila kijiji turubai kubwa bila sharti lolote, wakarudi baada ya miezi kadhaa kuona limetumikaje: je, lilijadiliwa hadharani, au liliishia nyumbani kwa mkubwa? Walitoa pia vocha za punguzo la vifaa vya ujenzi ambazo hazina kazi mpaka watu wachange. Tofauti kati ya vijiji vya mradi na visivyo na mradi haikuonekana. Miaka minne ya vikao ilileta vitu, lakini haikubadilisha nani anaamua wala jinsi watu wanavyojipanga mwezeshaji anapoondoka.

Indonesia ilitoa somo jingine lisilopendeza masikio. Katika vijiji 608 vilivyojengewa barabara kwa fedha za ruzuku, mchumi Benjamin Olken alituma wahandisi wachimbe barabara zenyewe ili kukadiria vifaa vilivyotumika, kisha akalinganisha na vitabu vya hesabu. Vijiji vilipoambiwa mapema kwamba ukaguzi wa serikali utakuja kwa hakika, fedha zilizoyeyuka zilipungua kwa pointi 8 za asilimia. Kuwaalika wanakijiji wengi zaidi kwenye mikutano ya kuwahoji viongozi kulisaidia kidogo tu kwa wastani. Tungependa kuamini kwamba jamii ikikaa pamoja wizi unajifia. Haujifii. Mkaguzi bado anahitajika, na kamati yenye mweka hazina mwaminifu ndiyo inapaswa kumtaka kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayemaliza minong’ono.

Sasa mbona Orangi ilifanikiwa kule ambako vijiji vya Sierra Leone havikubadilika? Nionavyo, tofauti ni nani anayebeba gharama ya kutega. Mwezeshaji anayelipwa akishika kazi ya kuita vikao, kazi hiyo haiingii mikononi mwa mtu wa pale. Uchochoroni ilibidi jirani aitishe jirani, na asipoitisha maji machafu yanabaki mlangoni pake mwenyewe.

Muda nao una nafasi yake. Uingereza ilijaribu njia ya subira katika mpango wa Big Local, uliogharamiwa na fedha za bahati nasibu ya taifa. Maeneo 150, mengi yakiwa yale yaliyokuwa yakikosa fedha hizo kila mara, yalipewa angalau pauni milioni 1 kila moja, za kutumia katika miaka 10 au zaidi, na wakazi wakiwa ndio wengi katika meza ya maamuzi. Ruzuku ya kawaida ya mwaka mmoja inaadhibu kikundi kinachogombana mwezi wa tatu. Hela zinarudi na watu wanatawanyika na kinyongo. Mpango wa miaka 10 unaacha nafasi ya kugombana, kumbadili mwenyekiti na kuanza upya.

Hata hivyo hakuna kinachovunja kikundi upesi kama matunzo yasiyo na bajeti. Nyasi zinaota, taa inaungua, bomba linaziba, na wale wanne waliokuwa na moyo wanachoka. Kule Philadelphia jambo hili lilipewa jibu la wazi: vikundi vya wakazi hupewa mikataba ya malipo ya kufyeka viwanja vya mitaa yao na kuzoa takataka msimu wa nyasi unapofika, na fedha zake zimo ndani ya mpango. Kwa anayeandika andiko la mradi leo, huo ndio mstari wa bajeti wa kuupigania, maana mfadhili ataanza nao akitaka kupunguza.