Je, wajua kwa nini upepo humpinga mwendesha baiskeli karibu kila aendako?

Muulize yeyote aliyeshinda siku nzima juu ya baiskeli, peke yake, mabegi yamefungwa kwenye keria: upepo ulikuwaje? Atakwambia asubuhi ulimpiga usoni, na jioni aliporudi kwa barabara ileile ukamsubiri ubavuni, mzito vilevile. Wanaomsikiliza hucheka, wakidhani ni uchovu unaosema. Uchovu umo, sikatai. Lakini hesabu iko upande wake kuliko wanavyodhani.

Upepo wa kwanza unaompinga mnyonga baiskeli anautengeneza mwenyewe. Hewa inaweza kuwa tuli kabisa, hakuna jani linalotikisika, lakini ukienda kilomita 20 kwa saa uso wako unapokea upepo wa kilomita 20 kwa saa. Ukinzani huo hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa inakusukuma kwa nguvu mara nne, na kazi ambayo miguu inapaswa kufanya kila sekunde ili kuishinda hewa hiyo huwa mara nane. Ndiyo maana kwenye barabara tambarare mtu wa kawaida hufika mwendo fulani akagota hapo, hata akaze meno vipi.

Mwaka 1899, Charles Murphy, Mmarekani, alinyonga baiskeli nyuma ya behewa la treni huko Long Island, kwenye njia ya mbao iliyotandikwa katikati ya reli, akamaliza maili moja kwa sekunde 57.8. Huo ni mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Mwaka 2018 Denise Mueller-Korenek, akiwa nyuma ya gari la mbio kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, alifikia kilomita 296 kwa saa. Miguu yao ilikuwa imara, bila shaka, ila siri kubwa ni kwamba kuna kitu mbele yao kilichokuwa kikiipasua hewa. Wanaosafiri kwa kundi hupata sehemu ndogo ya faida hiyo kwa kupokezana mbele: anayejibanza nyuma ya mwenzake hupunguziwa ukinzani wa hewa kwa kiasi cha theluthi hivi. Anayesafiri peke yake hana wa kumpokea. Kila mita ya hewa ni yake.

Sasa tulete upepo wenyewe. Chukua msafiri ambaye pamoja na baiskeli na mizigo yake ana uzito wa kilo 105, ameketi wima kiasi. Hewa ikiwa tuli, wati 100 hivi miguuni zinampeleka kilomita 20 kwa saa, na zaidi ya nusu ya wati hizo zinamezwa na hewa. Ukija upepo wa mbisho, yaani wa kutoka mbele, wa kilomita 20 kwa saa, naye akashika juhudi ileile, mwendo wake unashuka hadi kama kilomita 11. Ukimgeukia mgongoni, anapaa hadi kama 32.

Hapo wengi husema: basi si ngoma droo? Umepoteza kwenda, umepata kurudi. La. Tuseme safari ni kilomita 60 kwenda na 60 kurudi. Siku isiyo na upepo ni saa 6. Siku ya upepo, kwenda ni kama saa 5 na nusu, na kurudi hayafiki masaa mawili. Jumla ni saa 7 na dakika 20 hivi, na robo tatu ya muda huo umekaa ukipigwa usoni. Kilomita ziligawanywa nusu kwa nusu, lakini mwili hauhesabu kilomita, unahesabu saa. Kwa hiyo mtu akisema "leo upepo ulikuwa mbele karibu siku nzima", anasema kweli tupu.

Upepo wa ubavuni ndio unaowashangaza hata wazoefu. Jahazi hulipenda pigo la ubavuni kwa sababu lina tanga, baiskeli haina. Upepo wa kilomita 20 ukitoka kushoto kwako moja kwa moja, huku nawe unakwenda 20, hizo mbili zinaungana kuwa upepo mmoja wa mshazari wa kilomita 28 kwa saa. Ukinzani wa hewa unafuata kasi ya upepo huo ulioungana, na ile sehemu yake inayokurudisha nyuma inaongezeka kwa takriban asilimia 40. Yaani upepo ambao haukuelekea nyuma hata kidogo umekuongezea kazi ya kwenda mbele. Ukipiga hesabu hiyo kwa kila upande, utakuta kwamba upepo wenye kasi sawa na yako hukusaidia ukitoka ndani ya nyuzi 156 hivi za nyuma yako tu, kati ya 360 za duara zima. Nyuzi 204 zilizobaki zinakula nguvu zako. Upepo ungechagua upande kwa kurusha shilingi, bado wewe ungeshindwa mara nyingi zaidi ya kushinda.

Kosa la kawaida ni kung'ang'ania mwendo. Yule msafiri wetu akitaka kubaki kwenye kilomita 20 dhidi ya ule upepo wa mbisho, atahitaji karibu wati 290, karibu mara tatu ya alizokuwa akitumia. Watu wachache mno wanaweza kudumu hivyo zaidi ya dakika chache. Na juhudi ikipanda kiasi hicho, misuli huacha kutegemea mafuta ya mwili na kukimbilia akiba ya wanga, ambayo kwa mtu mzima ni kama kilokalori 2,000 tu. Akiba hiyo ikiisha mtu hukatika ghafla: miguu inakuwa mizito, mikono inatetemeka, akili inashindwa hata kuamua asimame wapi. Dawa ni kushusha gia, kuacha miguu izunguke kwa wepesi uleule, na kutoitazama mita ya mwendo. Kushusha viwiko na kuinamisha kifua pia husaidia sana, maana sehemu kubwa ya ukinzani inatokana na mwili wa mpanda baiskeli mwenyewe. Koti lisilofungwa zipu, linalopepea, nalo ni breki ndogo.

Dawa nyingine ni saa ya kuondoka. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyo karibu nayo hupoa ikawa nzito, ikalala chini bila kuchanganyika na upepo unaokwenda kasi juu yake. Jua likipanda, ardhi hupata joto, hewa huanza kupanda na kushuka, na kasi ile ya juu huteremshwa hadi barabarani. Mara nyingi kilele chake ni alasiri. Anayeanza kunyonga alfajiri hupata saa tatu au nne za bure kabla ya hapo.

Kwa safari ya siku nyingi, uelekeo ndio kila kitu. Wanaopita pwani ya Pasifiki ya Marekani majira ya joto huanzia kaskazini kwenda kusini, kwa kuwa upepo hutoka kaskazini-magharibi. Wanaoivuka Uingereza kati ya Land's End, ncha ya kusini-magharibi, na John o' Groats, kaskazini kabisa, wengi huanzia kusini, wakitegemea pepo za kusini-magharibi. Wapo pia wanaofanya kinyume kwa makusudi: Uholanzi, tangu 2013, kuna mashindano ya kuendesha dhidi ya upepo juu ya ukuta wa bahari wa Oosterscheldekering, kilomita 8.5, kwa baiskeli za gia moja. Huandaliwa pale tu upepo unapotarajiwa kufika angalau kipimo cha 7 cha Beaufort, yaani kilomita 50 kwa saa na zaidi. Kila mtu na starehe yake.

Lakini kwa nini hatuukumbuki upepo wa nyuma? Kwa sababu hausikiki. Ukivuma kwa kasi yako, masikio yananyamaza, jasho halikauki, vumbi la tairi linakwenda nawe sambamba, na unajiona tu kwamba leo una nguvu. Wengi hupitiliza hapo: wanakwenda mbali kuliko walivyopanga, kisha wanageuka. Kama siku yako ni ya kwenda na kurudi, tazama majani kabla ya kutoka, na nusu ya kwanza ielekeze kule upepo unakotoka.