Tafuta Jike Ndipo Useme Dubu Wamerudi

Dubu mweusi akipigwa picha mahali ambapo hajaonekana kwa vizazi, magazeti ya Marekani huandika kwamba dubu wamerudi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwahesabu, huuliza kwanza: ni dume au jike?

Dume kijana akishaachana na mama yake huenda mbali sana kutafuta pa kukaa. Jike hafanyi hivyo. Mara nyingi huweka makazi yake ubavuni mwa eneo la mama yake. Kwa hiyo madume hutangulia, na eneo la kuzaliana husogea nyuma yao polepole, kizazi baada ya kizazi. Ramani iliyochorwa kwa taarifa za walioonekana tu hutudanganya.

Chukua Louisiana. Misitu ya mabonde ya mto Mississippi ilifyekwa kupisha mashamba, na mwaka 1992 dubu wa huko waliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya viumbe walio hatarini. Walibaki katika vipande vichache, bonde la Tensas na pande mbili za bonde la Atchafalaya. Madume waliweza kuvuka, majike kwa nadra. Basi kati ya 2001 na 2009 majike wenye watoto wachanga walihamishwa majira ya baridi, wakiwa bado mashimoni, hadi eneo la Three Rivers katikati ya vipande hivyo. Jike aliye peke yake angeondoka kurudi kwao, lakini mwenye watoto wasioweza kutembea hutulia. Sijui kazi nyingi za uhifadhi zilizofikiriwa vizuri kuliko hii. Mwaka 2016 dubu hao waliondolewa kwenye orodha.

Idadi tunaipataje? Kwa nywele. Tunazungusha seng'enge kwenye miti michache na kutundika chambo katikati; huo ndio mtego wetu. Dubu akipita juu au chini ya waya, miiba inabaki na nywele, naye haumii. Tunazikusanya kila wiki, kisha tunapitisha moto kwenye miiba ili unywele wa zamani usichanganyike na wa wiki ijayo. Mzizi wa unywele una vinasaba vinavyotaja ni dubu yupi na jinsia yake. Vinaeleza hata asili: dubu wa Atchafalaya ya juu wana damu ya dubu walioletwa kutoka Minnesota miaka ya 1960. Tukiona nani amerudi, na kwenye mitego ipi, tunakadiria wangapi hawakunaswa kabisa.

Hapo nafasi kati ya mitego ndiyo kila kitu. Dume huzunguka eneo kubwa, jike dogo. Ukipunguza mitego ili kubana bajeti, jike ataishi katikati yake bila kugusa hata mmoja, na ripoti itasema hakuna majike. Napinga upunguzaji huo kila unapopendekezwa.

Nywele hazisemi watoto wangapi wamefikisha mwaka. Kwa hilo tunamvisha jike kola ya redio, inayotuonyesha alipo, na kumfuata hadi shimoni wakati wa baridi.

Siku hizi taarifa hutoka pia mashariki mwa Texas, nyingi zikiwa za madume vijana. Ninazipokea kwa furaha, lakini sitapaka rangi ramani yangu mpaka nione jike na watoto wake.