Kwa Nini Bolti za Flaiwili Hugoma Kufunguka?

Giaboksi imeshashushwa. Presha pleti na klachi pleti zimelazwa juu ya gunia, na mbele ya fundi zimebaki bolti sita zilizojipanga kwa mduara katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Ni safi, hazina hata doa la kutu. Anachomeka soketi, anavuta, na kinachozunguka ni injini nzima. Kijana wake anakita bisibisi kwenye meno ya flaiwili ili isizunguke. Fundi anavisha bomba kwenye mpini, anavuta tena, bisibisi inapinda. Bolti haijasogea hata unywele.

Kinachofuata katika gereji nyingi ni kopo la dawa ya kutu. Bolti zinaloweshwa, watu wanakwenda kunywa chai, wakirudi zimegoma vilevile. Na zitaendelea kugoma, kwa sababu kilichozishika si kutu.

Tuangalie kwanza kazi inayofanyika pale. Injini ya silinda nne haiisukumi krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) taratibu, huipiga. Kila mzunguko mmoja silinda mbili huwaka, kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hupokea mapigo 100 kila sekunde. Flaiwili ni chuma kizito kinachofungwa nyuma ya krenki ili kuyameza mapigo hayo na kuyafanya mwendo laini. Maana yake, mara 100 kwa sekunde krenki inataka kukimbia na flaiwili inataka kubaki nyuma, na vyote viwili vinakutana kwenye zile bolti sita.

Wengi hudhani shina la bolti ndilo linalobeba msukumo huo, kama kigingi kinavyomzuia mbuzi. Sivyo. Kazi ya bolti ni kubana, na msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa ndio unaobeba mzigo. Bolti ni springi ngumu sana: ukiikaza inanyooka kidogo, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakobana. Bolti ya milimita 10 iliyochongwa kichwani namba 10.9, yaani daraja la uimara wake, ikikazwa sawasawa, hubana kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 3 na ushei. Zikiwa sita, zimepita tani 18.

Nguvu hiyo ikipungua, nyuso huanza kuteleza kwa kiasi ambacho jicho halioni. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba huko kuteleza kwa ubavu ndiko hasa kunakoifungua bolti yenyewe bila kuguswa na spana. Flaiwili iliyolegea hugonga kama beringi ya krenki iliyokufa, na nimeshaona injini ikifunguliwa yote kutafuta beringi wakati ugonjwa ulikuwa bolti. Ikiachwa iendelee, bolti zinakatika.

Kwa hiyo watengenezaji hawabahatishi. Juu ya kukaza kwa nguvu, wengi huongeza gundi ya bolti. Gundi hii ilitolewa mwaka 1953 na Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Trinity College kule Hartford, Marekani, na ndiyo ikaja kuuzwa kwa jina la Loctite. Tabia yake ni ya ajabu: penye hewa hubaki majimaji, lakini ikibanwa kati ya vyuma mahali hewa isipofika, hugeuka plastiki ngumu. Ukiitoa bolti ya flaiwili iangalie vizuri. Ule unga mweupe uliojaa kwenye meno ya bolti ndiyo hiyo. Dawa ya kutu haiyeyushi kitu hapo. Itakachofanya ni kulowesha uso wa flaiwili unaotakiwa uwe mkavu kwa ajili ya klachi.

Kuna jambo wengi hawalitarajii. Bolti tupu, isiyo na gundi wala kutu, hufunguka kwa nguvu ndogo kuliko iliyoikaza. Meno yake ni mteremko: kukaza ni kupanda, kufungua ni kushuka. Ukiona imedai nguvu kubwa zaidi, jua kuna kitu kimeongezwa, na dawa yake ni moto na pigo. Bomba refu haliitibu.

Kwanza flaiwili ishikwe. Kipande cha pao la chuma chenye matundu mawili kinatosha: upande mmoja kwenye tundu la bolti ya giaboksi, mwingine kwenye tundu la presha pleti. Bisibisi huvunja meno ambayo stata inayategemea. Kisha joto. Gundi kali, ile nyekundu, hulegea ikifika karibu nyuzi 250 za Selsiasi, na lazima ufungue ikiwa bado moto, maana ikipoa inashika tena. Elekeza joto kwenye kichwa cha bolti peke yake na kwa muda mfupi, kwa sababu nyuma ya flaiwili kuna sili ya oili ambayo haivumilii moto huo. Kama ulishapulizia dawa ya kutu, usiwashe moto kabisa mpaka ufute pakauke. Inawaka.

Halafu pigo. Gonga kichwa kwa nyundo na kipande cha shaba, kwa kiasi, uivunjevunje gundi ndani. Au tumia spana ya upepo, ile ya mafundi wa matairi. Pigo lake ni fupi mno kiasi kwamba flaiwili, kwa uzito wake, haiwahi kuzunguka. Nguvu inaishia kwenye bolti. Utasikia "tak!" moja kavu. Zote zikishalegea, zitoe lakini acha moja imeshika hadi mwisho, maana chuma hicho kinaweza kupita kilo 10 na miguu yako iko chini yake. Kichwa kikiliwa, chomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe linamaliza nusu ya kazi.

Wakati wa kurudisha ndipo ninapowasihi mafundi wasiharakishe. Bolti za flaiwili za injini nyingi za Volkswagen hukazwa Nm 60 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kisha robo mzunguko zaidi, na bolti iliyokazwa hivyo imeshanyooka moja kwa moja. Nunua mpya. Na kabla ya kuzifunga, toa gundi yote ya zamani kwenye matundu kwa brashi ya waya. Hata katika tundu safi, karibu asilimia 90 ya nguvu ya kukaza huliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye meno, na asilimia 10 tu ndiyo inayoinyoosha bolti. Mabaki ya gundi yakila sehemu ya hiyo 10, spana ya kupimia itakwambia imekaza, na bolti haijabana.