Kabla hujanunua nyumba Lowell, shuka besimenti

Nilichomeka bisibisi kwenye boriti, ikazama hadi mpini. Dada aliyeniita kukagua nyumba ile alikuwa nyuma yangu akinimulikia kwa tochi ya simu, na juu yetu tulimsikia mumewe akifungua na kufunga makabati ya jiko jipya. Jiko lilikuwa zuri kweli. Lakini boriti ile ndiyo iliyolala juu ya msingi, na ndiyo inayobeba orofa tatu za familia tatu.

"Kaka, hiyo ni hatari?" akaniuliza.

"Inarekebishika," nikamwambia. "Ila bei waliyoitaja si ya nyumba yenye boriti kama hii."

Mimi ni mkaguzi wa nyumba katika bonde la mto Merrimack, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wateja wangu wengi ni Wakenya, Wakongo na Waganda. Ni wauguzi na wahudumu wa wazee wanaokesha kazini Lexington, Concord na Andover, vitongoji ambavyo mshahara wao hauwezi kuwanunulia hata banda la gari. Wote huniuliza jambo moja: tuhamie Lowell? Au Lawrence, au Haverhill, au Fitchburg? Huwa najibu ndiyo, tena bila kusita. Ninachowaomba ni wajue kwanza nyumba hizi zilijengewa nani.

Lowell ilizaliwa na maporomoko ya Pawtucket, mahali ambapo mto unashuka karibu mita 10. Miaka ya 1820 matajiri wa Boston walichimba mifereji hapo ili maji yazungushe mitambo ya kufuma pamba, na mwaka 1826 Lowell ikawa mji rasmi. Wafumaji wa mwanzo walikuwa mabinti kutoka mashamba ya New England, waliolala katika mabweni ya kampuni. Wakaja Waayalandi, Wafaransa wa Kanada, Wagiriki. Kila kundi lilihitaji pa kulala karibu na kengele ya kiwanda, na kwenye viwanja vyembamba njia ya haraka ilikuwa kupandisha mbao, orofa juu ya orofa. Kufikia miaka ya 1920 kazi ilikuwa imeanza kuhamia majimbo ya kusini kwenye ujira mdogo, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Nyumba zikabaki. Wakambodia waliokimbia maangamizi ya kwao walizikuta miaka ya 1980, nasi tukaja baada yao.

Vitongoji vya jirani vilishika njia nyingine. Carlisle, ambako si mbali kwa gari, sehemu kubwa ya mji inadai ekari 2 kwa nyumba moja. Ukishaweka sharti hilo, anayemwogesha mzee wa Carlisle hawezi kulala Carlisle. Jambo hili huniuma, na ndilo linalonifanya nizithamini sana nyumba hizi za mbao, pamoja na kasoro zake zote.

Njia ya kuingia ipo. Mkopo wenye dhamana ya FHA, idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba, unakubali malipo ya awali ya asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mkopo (zinazopima unavyolipa madeni) 580 au zaidi, na unaruhusu nyumba ya hadi familia 4, mradi wewe mwenyewe uishi humo. Unakaa orofa moja, kodi ya nyingine inakusaidia kulipa benki. Hapa wengi hujikwaa: nyumba ikiwa ya familia 3 au 4, FHA hutaka kodi yake, baada ya kupunguzwa kiasi kwa ajili ya vyumba kukaa vitupu, itoshe kulipa rejesho lote la mwezi. Nyumba ya familia 2 haina sharti hilo. Kwa hiyo usiidharau.

Turudi chini. Misingi mingi ya nyumba hizi ni ya mawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Pitisha kidole kwenye maungio: chokaa ikimwagika kama unga, weka kando fedha za fundi. Ukiona weupe kama wa chumvi umechora mstari ukutani, maji huingia na kufika hapo. Mabomba ya zamani yaliyoviringwa kitu cheupe kama bandeji, usiyaguse. Huenda ni asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu zikivutwa. Inua macho kwenye dari. Waya zilizoshikwa kwa vigololi vya kauri ni umeme wa enzi za babu, na kampuni nyingi za bima hukataa nyumba yenye waya hizo. Kama zipo, ongea na bima kabla ya kuongea na benki.

Halafu hesabu mita za umeme: kila familia iwe na yake. Mzee mmoja alinunua nyumba ya "familia tatu" mwaka 2021, wakati ambapo ukidai ukaguzi muuzaji anampa mwingine. Aliniita baadaye. Mita zilikuwa mbili. Orofa ya tatu haikuwamo kwenye kumbukumbu za mji, ilikuwa chumba cha chini ya paa kilichowekewa sinki, na kodi aliyoitegemea kila mwezi ikawa haiwezi kutozwa kihalali. Tangu 15 Oktoba 2025, kanuni za Massachusetts zinamkataza muuzaji kumwekea mnunuzi sharti la kuacha ukaguzi. Haki hiyo itumie.

Na watoto. Nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye risasi, yaani yale madini yenye sumu, na akiishi humo mtoto wa chini ya miaka 6, sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba aidhibiti, hata kama mtoto ni wake mwenyewe. Mimi huanzia madirishani. Kila ukipandisha na kushusha dirisha la mbao, rangi inasagika, vumbi linatua kizingitini, pale pale mtoto anaposhika akitazama theluji. Kukataa kupangisha familia yenye mtoto kwa sababu ya risasi ni kosa kisheria, hivyo hesabu gharama ya kuiondoa kabla hujataja bei yako.

Yule mume alishuka hatimaye. Nikampa bisibisi achomeke mwenyewe. Alichomeka mara tatu, sehemu tatu tofauti. Mbili zilikuwa ngumu kama jiwe, ya tatu ikazama. Tukaenda kwenye mita. Zilikuwa tatu za wapangaji na ya nne ya taa za ngazi, kama inavyotakiwa. Dada akaketi kwenye kidato cha chini, akafungua kikokotoo cha simu, akaanza kutoa gharama ya boriti kwenye bei.